Hoho ya njano haifichi kitu, nyekundu ndo ya kuwa nayo makini

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kulima hoho za rangi ni hili: nikinunua hoho nyekundu sokoni, nikaipasua nikatoa mbegu nikapanda, itatoka nyekundu? Na wanaouliza sio wageni wa kilimo, ni watu wameshalima nyanya miaka na miaka, dripu wanaijua, dawa wanazijua, ila kwenye rangi wanachanganyikiwa maana msimu huu wamepata nyekundu tupu, msimu unaofuata kwenye tuta lilelile inachomoza njano, alafu wanaanza kumlaumu muuza mbegu, au jirani, au udongo, wengine wanataja na ushirikina kabisa. Jibu langu ni kwamba inategemea. Najua jibu la inategemea linaudhi, kwaiyo ngoja nieleze nilichokiona kwangu huku Arumeru, kwenye kitalu nyumba cha mbao na nailoni, sio kikubwa, ila kimenifundisha mambo.

Kwanza ile ya kijani tuiweke pembeni. Hoho ya kijani sio aina, ni umri. Karibu kila hoho ya kijani unayoiona soko la Kilombero pale Arusha, ungeiacha kwenye mche wiki tatu nne zaidi ingegeuka, ingekuwa nyekundu au njano au rangi ya chungwa kutegemea na ilivyozaliwa. California Wonder ambayo wengi tunaifahamu, mbegu ya zamani ile, ipo tangu 1928, watu wameivuna kijani mpaka wamesahau kwamba ikiachwa inakuwa nyekundu. Nilishawahi kubishana na dalali mmoja mpaka sauti zikapanda, ananiambia boss hizi za kijani na zile nyekundu ni mbegu mbili tofauti, mi nipo sokoni miaka yote utaniambia nini. Siku alipokuja kupakia mzigo nikamwonyesha tunda moja, upande wa juani limeshaanza kuiva, upande wa kivulini bado kijani kibichi. Akanyamaza, alafu akauliza sasa si uziache zote zigeuke maana nyekundu ndo ina bei. Aisee swali zuri sana hilo. Ni kwamba hizo wiki tunda linazidi kukaa kwenye mche linakula, maua mapya yanapukutika, wadudu kama thripsi na utitiri hawalali, jua linababua ngozi, na sio zote ulizoziacha zitafika salama. Ndo maana hoho za rangi ni ghali, sio kwamba mkulima ana tamaa.

Na namna zinavyogeuka ni kitu cha kuangalia kwa karibu, mi nilikuwa napita tu sioni. Inayoenda kuwa nyekundu inapitia kahawia kwanza, inakuwa na mabaka ya rangi ya matope ambayo mteja asiyejua anadhani imeoza. Hapo ni klorofili, ule ukijani, haujaisha na wekundu umeshaanza kuingia, vikikaa pamoja macho yako yanaona kahawia. Inayoenda kuwa ya njano haipiti huko, inapauka tu, kijani kilichokolea, kijani cha ndizi mbivu nusu, alafu njano. Kwaiyo siku hizi kwenye miche michanganyiko sisubiri iive, nikiona matope najua hii ni nyekundu.

Sasa mbegu. Mbegu za hoho za rangi za kitalu nyumba ni chotara, F1, yaani kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, na zinauzwa kwa kuhesabu punje, unapewa kipakti chepesi hujui hata kama kuna kitu ndani, bei yake inakufanya uhesabu upya punje kwa punje mezani. Ukishalipa hela hiyo mara mbili tatu wazo la kutunza mbegu linakuja lenyewe. Tunda moja lina mbegu za kutosha tuta zima, zinang'aa, zimejaa, unazitupaje? Kila mtu huku ameshafikiria hivo.

Mama mmoja jirani yangu alitunza. Yeye na mimi kuta zetu zinatazamana, yeye wakati huo alikuwa na njano tupu, mi nilikuwa na nyekundu, na neti zake za pembeni zilikuwa zimetoboka nyuki wanaingia na kutoka wanavyotaka. Alichagua njano nzuri nzuri, akakausha mbegu kivulini kwenye sahani, akaweka kwenye karatasi, kazi ya maana kabisa. Akapanda. Nyingi zikatoka njano, ila humo katikati ikachomoza miche kadhaa yenye hoho nyekundu. Siku hiyo akaja kwangu amefura, mwanangu hoho zako zimeniharibia zangu, zimezaa na zangu, nyekundu zako zimezibadilisha njano zangu, sasa nani atanilipa.

Nikamwambia mama karibu ukae kwanza. Nusu ya alichosema ni kweli tupu, nusu sio kweli kabisa, na kuzitenganisha hizo nusu mbili ilinichukua muda na msaada wa mdogo wangu ambaye anafundisha baiolojia sekondari, huwa anakuja wikiendi kula hoho zangu bure kwaiyo nikaona na yeye afanye kazi.

Nusu isiyo kweli ni kuhusu tunda lenyewe. Watu wengi wanaamini ukipanda nyekundu karibu na njano, chavua ya nyekundu ikidondokea kwenye ua la njano, lile tunda litakalotoka hapo litakuwa na wekundu. Hapana. Nyama ya hoho, ule ukuta tunaoukata na kukaanga, ni mwili wa mama mtu. Ni mche wenyewe umevimba pale kwenye ua kuzizunguka mbegu. Baba yake, yaani chavua, anaonekana ndani ya mbegu tu, na mbegu mpaka uipande. Kwaiyo msimu ule nyuki walipopita kutoka kwangu kwenda kwake, hoho zake zote zilibaki njano vilevile, aliuza vizuri tu, na hakuna mtu angejua kitu. Mambo yalikuwa yamejificha kwenye mbegu, yakajitokeza msimu wa pili.

Hakuniamini. Na mi kusema ukweli nilitaka kuona kwa macho yangu, sio kuambiwa na mwalimu. Tukafanya hivi. Ua la hoho ni dogo, jeupe, limeinama linatazama chini. Unatafuta tumba ambalo halijafunguka ila limeshanenepa na kuwa jeupe, lile ambalo kesho asubuhi lingefunguka. Unachukua kibano cha nyusi, kile cha saluni, unafungua petali taratibu, ndani unakuta vifuko vya chavua vina rangi ya zambarau inayoelekea bluu vimekizunguka kijiti cha kijani katikati. Vile vifuko unavinyofoa kimoja kimoja kabla havijapasuka, ukichelewa vimeshajimwaga na ua limejizalisha lenyewe, maana hoho inaweza kujichavusha bila msaada wa mtu. Kijiti usikiguse kwa nguvu kinavunjika, mi nimevunja vingi. Alafu unaenda kwenye mche wa rangi nyingine, unachuma ua lililofunguka ambalo unga unaonekana kwenye vifuko, unakuja nalo unalipapasisha kwenye ncha ya kile kijiti, unga ukishika basi. Unafunga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili usisahau ni lipi, na unalifunika na kipande cha neti ya chandarua kilichochakaa. Fanya asubuhi, jua likipanda sana maua yanadondoka tu.

Tukachavusha njano za mama kwa chavua ya nyekundu zangu. Zile zilizoshika zikakua, zikawa njano, njano safi bila hata doa. Hapo mama akaanza kulegea. Tukatoa mbegu, tukapanda, na ile miche yote ikatoa nyekundu. Yote, wala hapakuwa na ya katikati, wala chungwa, wala yenye mistari. Mama akasema sasa hizi ndo zangu kabisa, zilezile zilizochomoza kwangu.

Maelezo ni haya. Kila hoho inabeba kila jeni, yaani agizo la kurithi, nakala mbili, moja kutoka kwa mama moja kutoka kwa baba. Kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kutengeneza wekundu, wataalamu waliipa herufi Y tangu zamani, na wekundu ukipata nakala moja tu nzima unatosha, tunda linakuwa jekundu. Ili hoho iwe njano lazima nakala zote mbili ziwe zimeharibika. Ndo maana nasema njano haifichi kitu. Ukiona hoho ya njano ya kawaida unajua kabisa ndani yake hakuna nakala nzima ya wekundu, ikijichavusha yenyewe watoto wote njano, wajukuu njano, hata kama ilitoka kwenye kipakti cha F1 cha bei mbaya. Kwaiyo mbegu ya njano ikikutolea nyekundu hakuna maelezo mengine ukiacha mbegu kuchanganyika kwenye karatasi, baba yake alikuwa na nakala nzima ya wekundu na aliletwa na nyuki. Mama jirani alikuwa sahihi hapo, zilizaa na zangu. Na kwa kweli zile nyekundu zake zilikuwa ushahidi safi kuliko chochote, unaweza kuhesabu nyuki wamefanya kazi kiasi gani kwa kuangalia tuta tu.

Nyekundu sasa ndo mjanja. Nyekundu inaweza kuwa na nakala mbili nzima, au moja nzima na moja iliyoharibika, na kwa macho hutazitofautisha. Ina maana wakati ule nyuki wanaleta nyekundu kwa mama, walikuwa pia wanaleta njano kwangu! Mi nilikuwa nimetunza mbegu za nyekundu zangu, nikapanda, zote nyekundu, nikawa najisifu. Msimu uliofuata nikatunza tena kutoka kwenye zile, na hapo ndo njano zikaanza kuchungulia. Mdogo wangu alicheka sana, akasema hii ndo ileile ya Mendel na njegere zake, yule mtawa aliyechapisha 1866, moja kati ya nne. Ukichukua nyekundu inayoficha njano ikajichavusha, kwenye watoto wanne kwa wastani watatu nyekundu na mmoja njano. Kwa wastani, jamani, usipande miche minne ukaja kulalamika kwamba zote nyekundu. Nilihesabu tuta moja nikakuta njano ni zaidi kidogo ya robo, tuta la pili chini ya robo, ukijumlisha ndo inakaribia.

Hapo kuna hesabu moja alinipa ambayo nimeitumia sana kuliko chochote. Una mche wa hoho nyekundu, umeupenda, umbo zuri, unataka kujua kama ni mwekundu wa kweli au anaficha. Acha ujichavushe, panda mbegu zake 16. Kama anaficha njano, uwezekano wa zote 16 kutoka nyekundu ni kama 1 kwa 100 tu. Ila kuna njia ya mkato, uchavushe na njano, maana njano haina cha kuongeza. Hapo kama anaficha, nusu ya watoto watakuwa njano, kwaiyo ukipanda 7 tu na zote zikawa nyekundu umeshafika uhakika uleule na kuzidi kidogo. Mi natumia ya pili, kitalu chenyewe kidogo nafasi ya kupanda 16 za majaribio sina.

Alafu yakaja machungwa. Jamaa mmoja aliyekuwa anaacha kilimo alinipa miche ya hoho za rangi ya chungwa, iliyoiva vizuri, tamu kweli. Nilichofikiri mimi, na nadhani kila mtu angefikiri hivo, ni kwamba chungwa iko katikati ya nyekundu na njano, kwaiyo labda ni chotara wa hizo mbili, nusu kwa nusu. Sio. Tumeshaona nyekundu kwa njano inatoa nyekundu. Basi kwa utundu nikachavusha chungwa na njano, nikasubiri nikidhani nitapata ama chungwa ama njano. Zikatoka nyekundu. Wazazi wote wawili hawana wekundu na mtoto mwekundu kabisa, ungesema kuna mtu kapita usiku. Mama jirani alipoona akasema mwanangu leo utasema ni nyuki tena? Nikamwambia mama haya maua nilifunika na neti mwenyewe.

Hii ilinifanya nitake kuelewa vizuri. Rangi za hoho mbivu ni karotinoidi, na zinatengenezwa kwa hatua, kimeng'enya hiki kinafanya hatua hii kinampasia mwenzake. Ni kama nyumba, kuna fundi wa mwanzo anayeleta tofali na kuna fundi wa mwisho wa kupaka rangi nyekundu. Jeni ya fundi wa mwisho inaitwa CCS, ndo inayotengeneza kapsanthini, wekundu wenyewe wa pilipili, na 1998 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ile Y ya zamani inaelekea kuwa ndo hii CCS. Hoho ya njano nyumba imejengwa ila fundi rangi hayupo, zinabaki karotinoidi za njano. Fundi wa mwanzo jeni yake inaitwa PSY, na 2001 Wakorea wakaihusisha na sehemu nyingine ya vinasaba inayoitwa C2. Chungwa la aina ile niliyopewa mimi nadhani kabisa ni la huku, fundi rangi yupo lakini tofali zinakuja chache mno, kwaiyo hata akipaka wekundu haukolei, unaona chungwa. Sasa ukizikutanisha, njano inaleta fundi wa tofali mzima, chungwa inaleta fundi rangi mzima, mtoto ana mafundi wote wawili, nyekundu hiyo hapo. Ila usichukulie kila chungwa ni hivi, kuna machungwa mengine kasoro yake iko kwenye CCS hukohuko, imedhoofika tu haijafa, hayo ukiyachavusha na njano hutapata nyekundu. Kwaiyo hata kumchavusha tu na njano ni kipimo cha kujua una chungwa la ukoo gani.

Nikaziacha zile nyekundu zijichavushe, na hapo kitalu kikawa sherehe. Nyekundu ndo nyingi, machungwa, njano, na chache sana rangi ya limau iliyopauka, ambayo hata sikuwahi kuiona sokoni. Ikikamilika hesabu yake ni katika 16, nyekundu 9, chungwa 3, njano 3, na hiyo ya limau 1, ambayo haina fundi wa mwanzo aliye sawa wala wa mwisho. Zilizonitoka mimi hazikukaa hivo sawasawa, ila mpangilio ulikuwa uleule. Na kumbe wenzetu walishapita huku kitambo, 1985 Hurtado-Hernandez na Smith walichapisha kazi yao ya kuchavusha hoho nyeupe na nyekundu, wakapata rangi nane kwenye wajukuu, kuanzia nyekundu mpaka nyeupe, wakasema jeni ni tatu, Y, C1 na C2. Mbili kwa mbili kwa mbili, nane. Bila kuangalia DNA yoyote, kwa kuhesabu matunda tu. Mi hiyo ndo inanifurahisha kuliko vitu vya maabara, maana kuhesabu hata sisi tunaweza.

Kuna rangi mbili tatu za kutajwa haraka kwa sababu watu wanaziulizia. Hoho ya kahawia, ile wanaiita chokoleti, sio rangi mpya, ni nyekundu ambayo klorofili yake imegoma kuondoka. Unakumbuka yale mabaka ya matope niliyosema? Sasa fikiria tunda limebaki hapohapo mpaka mwisho. Jeni inayovunja ukijani imeharibika, na hiyo nayo ni ya kujificha, inataka nakala zote mbili zilizoharibika ndo uione. Waisraeli Borovsky na Paran waliieleza 2008. Ikikutana na njano badala ya nyekundu unapata tunda lililoiva huku bado kijani kijani, na hilo kulipeleka sokoni ni kazi, utaambiwa ni changa. Zambarau nayo ni habari nyingine kabisa, ule ni anthosiyanini, familia moja na rangi ya rosela na kabichi la zambarau, na inakaa juu ya tunda likiwa changa. Likiiva inafutika, nyingi zinaishia nyekundu. Kuna mpishi wa hoteli moja ya watalii aliagiza zambarau, akasema anataka zilizoiva. Nikamweleza, kaka, zikiiva hazipo. Akaona kama namzungusha.

Na ukali! Hili limewaponza watu kuliko rangi. Utamu wa hoho, yaani kutokuwasha, nao ni kuharibika kwa jeni, inaitwa Pun1, hoho imepoteza kipande chake kikubwa kwaiyo haitengenezi ule muwasho. Kuwasha kunatawala. Maana yake ukiwa na pilipili ndefu kali umepanda kandokando ya hoho zako, hoho za msimu huu utakula bila shida, ila mbegu ukizitunza baadhi zitatoa vitu vina umbo la ajabu, kati ya hoho na pilipili, na vinawasha. Kwa yule mama ilitokea wakwe wamekuja, kachumbari ikawekwa mezani, mzee mmoja akatafuna kwa nguvu... sitaendelea, ila maziwa mgando yaliisha. Siku hizi pilipili kali anapanda upande wa jikoni, mbali.

Sasa kuna watu wakisikia haya wanasema basi kumbe njano haibadiliki, ntanunua F1 ya njano mara moja nitunze mbegu milele. Hapo ndo nataka uelewe rangi ni kitu chepesi kuliko vyote. Rangi inaendeshwa na jeni chache, unaona kwa macho, unachagua. Ila unene wa ukuta, uzito, umbo la pembe nne linalopangika kwenye boksi, wingi wa matunda, hivyo vinabebwa na jeni nyingi kwa pamoja, na kinga ya magonjwa nayo ina hesabu zake, na ukitunza mbegu ya F1 vinatawanyika kila mmoja na njia yake. Mama jirani njano zake za kutunza zilibaki njano kweli, lakini kuna mche unatoa ndefu kama pembe, kuna mwingine ukuta mwembamba unabonyea kabla haujafika sokoni, mwingine mzuri kabisa ila unazaa tunda moja moja. Ukipiga hesabu ya nafasi kwenye kitalu, maji, mbolea na kamba za kufungia, ile hela uliyookoa kwenye mbegu inaliwa na matunda daraja la pili. Kitalu nyumba ni ghali, ndani yake mi naweka mbegu ya kununua. Za kutunza napanda nje, na nje natumia aina za kawaida zisizo chotara, California Wonder au Yolo Wonder, hizo ukizikinga na nyuki wa jirani watoto wanafanana na mama.

Kukinga kwenyewe hakuna ufundi. Chandarua kilekile, nakata vipande nashona vifuko, navisha tawi likiwa bado na matumba, nalitingisha asubuhi ili chavua idondoke. Matunda yakishashika natoa kifuko nafunga uzi, na hayo ndo yanaachwa mpaka yaive kabisa, yaanze hata kusinyaa kidogo. Mbegu ya hoho ya kijani usiihangaikie, nyingi hazijakomaa, utapata miche dhaifu au usipate kabisa. Na andika. Karatasi, tarehe, mama nani baba nani. Mi nina bahasha zimeandikwa "njano ya mama x nyekundu" mdogo wangu anaona kama nimeandika umbea.

Zile za rangi ya limau nimeendelea nazo. Dalali anazikataa, anasema hizi njano zimechujuka boss, zilipigwa jua. Yule mpishi wa zambarau ndo kazipenda, anazikata nyembamba anachanganya na nyekundu kwenye saladi, ananipa bei ya njano. Uzuri wake haziwezi kunidanganya, zina kasoro pande zote mbili, kwaiyo rangi nyingine yoyote ikichomoza kwenye tuta lile najua kifuko kilitoboka. Mbegu siuzi, sijasajiliwa na TOSCI, wale wa kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na sina mpango wa kugombana na mtu, ila kama una chungwa lako hulijui ni la ukoo gani, niletee ua moja asubuhi mapema, tulichavushe na njano tujue.